UPEPO HAUCHUKUI UDONGO WOTE, HUCHUKUA ULIO BORA



Vijana wenzangu, wazazi wetu, na nyote mliokaa na gazeti hili mkisubiri adhana ya Maghrib. Mada yangu ni upepo na ardhi. Tukitaja mmomonyoko wa udongo, wengi wetu fikra huenda moja kwa moja kwenye mvua na mito iliyojaa maji mekundu. Lakini upepo nao hufanya kazi hiyo hiyo, kimya kimya, tena wakati wa kiangazi ambapo hakuna anayeangalia.

Hebu tuone unavyofanya. Chembe za ardhi haziko sawa, na upepo hauzichukui kwa njia moja. Kwanza kuna zile kubwa, za nusu milimita na zaidi. Hizo ni nzito, upepo huzibiringisha tu juu ya ardhi. Pili kuna mchanga wa kawaida. Huo huruka kama panzi: hunyanyuka kidogo, ukaenda mbele, ukaanguka, na ukianguka hugonga chembe nyingine nazo zikaruka. Tatu ni vumbi laini, lililo chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Hilo likishapanda huelea, na laweza kwenda mamia ya kilomita, hata likavuka bahari.

Sasa jiulize, katika hayo matatu, rutuba iko wapi? Iko kwenye lile la tatu. Majani na samadi iliyooza, pamoja na chakula cha mimea, hushikana zaidi na chembe zile laini. Kwa hivyo upepo ni mwizi anayechagua. Huacha mchanga na changarawe, ukaondoka na kilicho bora. Mwenye shamba akitazama ataona ardhi yake ipo pale pale, naye atadhani hakuibiwa kitu. Kumbe amebakiwa na makapi. Na udongo si kitu cha kurudishwa kesho. Sehemu nyingi, sentimita moja tu huchukua mamia ya miaka kujengeka.

Upepo huo huo hubadilisha sura ya nchi. Mchanga unaoruka husugua mwamba kama msasa. Na kwa kuwa mchanga hauendi juu sana, mwamba huliwa zaidi karibu na chini, mpaka mwingine ukabaki umesimama kama uyoga. Na pale upepo unapokutana na kizuizi, hata kichaka kidogo, hupungua nguvu ukaumwaga mchanga wake. Hapo ndipo panapoanza tuta. Wanaosoma madrasa watakumbuka kwamba sura ya 46 katika Qur'an inaitwa Al-Ahqaf, maana yake matuta ya mchanga, kwa kutajwa humo nchi ya watu wa Aad walioangamizwa kwa upepo.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali kuyaona matuta. Tunayo hapa kwetu Kenya, Shela, katika kisiwa cha Lamu. Mawimbi huleta mchanga ufuoni, maji yakitoka mchanga hukauka, kisha kusi huusukuma kutoka baharini kuingia nchi kavu. Kazi hiyo imerudiwa mwaka baada ya mwaka mpaka vikasimama vilima. Mgeni akivitazama ataona mchanga mtupu usio na faida. La, si hivyo. Mvua ikinyesha, maji huzama kwenye mchanga ule badala ya kutiririka baharini. Yakifika chini hukaa juu ya maji ya chumvi, kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari. Visima vya Shela ndivyo vilivyonywesha mji wa Lamu. Nyumba ngapi zimefuturu kwa maji yale, na waliokunywa hawakuwaza kwamba ghala lake limejengwa na upepo!

Basi angalieni hatari yake. Matuta yale yameshikwa na mimea, yale majani yatambaayo yenye maua ya zambarau, na vichaka vilivyo nyuma yake. Tukiyakanyaga na kuyang'oa, tukichota mchanga wa kujengea, au tukijenga juu ya matuta yenyewe, kusi ile ile iliyojenga itaanza kubomoa. Tuta likipungua, ghala la maji limepungua, na chumvi itapanda visimani. Shirika la UNESCO, lililouweka Mji Mkongwe wa Lamu katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, limekuwa likisisitiza matuta ya Shela yalindwe. Na sisi wenyewe tungelisema hilo kabla ya wageni kutusemea.

Pengine utasema, hayo ni ya pwani na jangwani, shamba letu bara lina udongo mzuri. Wamarekani nao walisema hivyo. Katikati ya nchi yao palikuwa na mbuga pana za nyasi. Ngano ilipopanda bei wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, watu wakalima mbuga zile kwa kasi, wakaendelea kulima katika miaka ya 1920, mpaka nyasi zilizoshika ardhi zikaisha. Miaka ya 1930 ukame ukaja. Mwezi wa Mei 1934 vumbi la mashamba yale lilifika New York na kuangukia meli zilizokuwa baharini. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi liligeuza mchana kuwa usiku, na siku ile mpaka leo wanaiita Jumapili Nyeusi. Watu mamia kwa maelfu walihama. Upepo ulikuwa ule ule wa siku zote, kilichobadilika ni kwamba ardhi ilivuliwa nguo.

Na dawa yake ilijulikana. Mwezi huo huo wa Aprili 1935 ilipitishwa sheria ya kuhifadhi udongo, na kati ya 1934 na 1942 wakapanda miti zaidi ya milioni 200 ya kukinga upepo.

Nasi tufanye nini?

Kwanza, tusiache ardhi wazi. Ukishavuna, usichome mabua. Yaache yalale shambani. Upepo hauna pa kushika penye kifuniko.

Pili, tupande miti kwa safu, kukingama na upepo. Mvinje kwa pwani, mwarobaini kwa penye ukame. Safu yenye urefu wa mita 5 hupunguza upepo mpaka kama mita 50 nyuma yake. Isizibe kama ukuta, kwani upepo ukizuiwa kabisa huruka juu ukashuka kwa fujo upande wa pili.

Tatu, mifugo isikae mahali pamoja mpaka nyasi ziishe na kwato zikasaga ardhi ikawa unga. Wafugaji wetu wa kaskazini walijua hekima ya kuhama.

Nne, kwa ndugu zetu wa Lamu na pwani yote: tuta la mchanga lisihesabiwe kiwanja kitupu. Mwenye kulichimba anachimba kisima cha jirani yake.

Ndugu zangu, mwezi huu tumejua thamani ya funda moja la maji, na asiyepata maji hutayamamu kwa udongo safi. Vyote viwili, maji na udongo, ni amana mikononi mwetu. Mvua za vuli zikianza, kila nyumba ipande hata mche mmoja upande unaotoka upepo, na mtoto wa nyumba hiyo apewe kazi ya kuumwagilia.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.