Hita ya Gesi Inayojizima Bafuni Ina Jambo Inaloeleza



Katika maeneo ya juu kama Limuru, Ol Kalou na Nyahururu, miezi ya Juni hadi Agosti si ya kuoga maji baridi. Zipo nyumba ambazo zimeacha shawa ya umeme na kufunga ukutani hita ya gesi, ile isiyo na tangi. Mtu anapofungua mfereji, maji yanayopita husukuma swichi ndani ya hita, betri hutoa cheche, gesi inashika moto na maji yanapashwa yakiwa njiani. Lalamiko la wenye hita hizi huwa moja: inawaka vizuri, kisha inazima mtu akiwa na sabuni machoni.

Kabla ya kumwita fundi, mwenye nyumba aangalie saa. Hita inazima baada ya muda gani? Hapo ndipo chanzo kinapoanza kujulikana.

Ikikataa kuwaka kabisa, au cheche ikisikika kwa unyonge, abadilishe betri kwanza. Betri zikiwa sawa, atazame maji. Hita ndogo nyingi huhitaji lita 2 au zaidi kwa dakika ndipo swichi isukumwe. Tangi likiwa chini mno juu ya paa, au mtu mwingine akifungua mfereji wa jikoni, presha hushuka na moto huzima papo hapo. Penye maji ya kisima yenye chumvi, kichujio kidogo kwenye mlango wa maji huziba. Hiki husafishwa kwa mswaki mkuukuu baada ya kufunga maji na gesi.

Ikiwaka kwa sekunde chache tu kisha ikazima, huenda sensa ya moto imechafuka. Ni kipini chembamba kinachokaa ndani ya ndimi za moto. Kisipohisi moto, gesi hufungwa ili isimwagike nyumbani. Vumbi, masizi na hata utando wa buibui hukiharibia kazi. Hapo fundi anahitajika.

Kuna pia suala la mtungi, ambalo wengi hawalifikirii. Hita ya kiasi cha lita 6 kwa dakika, ikifunguliwa hadi mwisho, hula karibu kilo 1 ya gesi kwa saa, kiasi ambacho jiko la meko moja halikaribii. Gesi iliyo mtungini ni kiowevu, nayo hugeuka kuwa mvuke kwa kunyonya joto la mtungi wenyewe. Asubuhi ya baridi, mtungi wa kilo 6 hupoa upesi, hata ukatoa umande nje, na gesi inayotoka haitoshi. Moto hufifia, hita huzima. Baada ya nusu saa mtungi umepata joto, kila kitu kinafanya kazi, na aliyeuza gesi analaumiwa kwamba alipunja. Mtungi wa kilo 13 hustahimili zaidi. Kuumwagia maji ya moto, kuusogeza karibu na jiko au kuulaza chini ili gesi itoke kwa wingi ni hatari, hata kama jirani amefanya hivyo mara kumi bila kudhurika.

Ikizima baada ya dakika 20 hivi, kila mara, huenda haina kasoro. Hita nyingi za aina hii zina saa ya ndani inayozuia moto usiendelee bila kikomo. Mtu afunge maji, afungue tena.

Sasa ile inayotakiwa kumtia mtu wasiwasi: hita inayozima baada ya dakika chache mlango wa bafu ukiwa umefungwa, lakini inayofanya kazi bila shida mlango ukiwa wazi. Hewa imepungua. Baadhi ya hita zina sensa inayohisi upungufu wa oksijeni, au inayohisi moshi unaorudi ndani badala ya kutoka nje, nazo hukata gesi kabla mtu hajaanguka. Nyingine hazina sensa hiyo, na hizo huendelea kuwaka tu.

Moto usiopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Ni hewa ileile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani. Haina harufu wala rangi. Harufu inayojulikana na wote ni ya gesi ya mtungi, ambayo hutiwa makusudi ili uvujaji ugundulike. Sumu hii haina onyo kama hilo. Damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, na ni rahisi mtu kudhani ni uchovu au malaria.

Kwa hiyo fundi anayesema, “Hii sensa ndiyo inasumbua, tuunganishe hizi nyaya tuiruke,” asiruhusiwe. Hita itaacha kuzima, ni kweli. Kitakachokuwa kimeondolewa ni ule ulinzi tu; upungufu wa hewa utabaki palepale.

Kinachorekebishwa ni bafu. Hita na mtungi vikae nje, mahali palipofunikwa mvua. Hita ikiwa lazima iwe ndani, bomba la moshi litoke hadi nje ya ukuta, si kuishia darini, na matundu ya hewa yasizibwe kwa matambara wakati wa baridi. Moto uwe wa buluu. Ukiwa wa manjano na kuacha masizi, hita isitumike. Mpangaji ana haki ya kumwambia mwenye nyumba hayo kabla ya kuhamia, na afadhali kwa maandishi.

Viungo vya paipu hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Mtu akianguka bafuni, anayeingia afungue mlango na madirisha, afunge gesi, amtoe mgonjwa kwenye hewa safi na apige simu ya dharura 999 au 112. Hospitalini waelezwe mara moja kwamba palikuwa na hita ya gesi, ili wajue kuanza na oksijeni.