Goma Kama Darasa: Nadharia za Uhusiano wa Kimataifa na Vita vya Mashariki mwa Kongo



Nadharia za uhusiano wa kimataifa tumezoea kuzifundisha kwa mifano ya Vita Baridi. Leo naomba tuzipime Goma, mji uliotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, wiki chache kabla ya Bukavu.

Uhalisia una jibu la haraka. FDLR, kundi lenye mizizi katika waliotekeleza mauaji ya kimbari ya 1994, liko ng'ambo ya mpaka wa Rwanda. Kigali inasema inajihami. Kinshasa inauona ulinzi huo kuwa uvamizi, na baadhi ya makamanda wake wakashirikiana na FDLR hao hao, hivyo Kigali ikapata hoja mpya. Huo ndio mtanziko wa usalama. Julai 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa wanajeshi 3,000 hadi 4,000 wa Rwanda walikuwa Kongo pamoja na M23, kundi ambalo Kigali inakana kuliunga mkono.

Lakini mhalisia huichukulia dola kama mtu mmoja mwenye ufunguo wa nyumba yake. Rubaya, kwenye machimbo makubwa ya koltani, ufunguo huo Kinshasa haikuwa nao hata kabla M23 hawajafika mwaka 2024. Waasi walipofika walianza kutoza kodi. Wataalamu hao walikadiria mapato ya angalau dola 800,000 kwa mwezi. Hapo wanaofuata mkondo wa Marx wana la kusema, ingawa madini yanaeleza zaidi kwa nini vita havikomi kuliko kwa nini vilianza.

Waliberali, wanaotegemea taasisi, wameumbuka zaidi, na sisi wa Afrika Mashariki pamoja nao. Kongo ilijiunga na Jumuiya yetu mwaka 2022, M23 wakiwa tayari wamerudi vitani. Kikosi cha Jumuiya kiliingia Novemba mwaka huo, kikaondoka Desemba 2023 baada ya Kinshasa kulalamika kwamba hakipigani. Kikaja cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wakiwemo Watanzania, nacho kikafungashwa virago Machi 2025. Taasisi zipo, wanachama wake ndio wanaopigana.

Kwa maoni yangu, nadharia inayofika mbali zaidi ni ile inayosema utambulisho hujengwa na watu, tena mara nyingi kwa sheria. Zaire iliwapa uraia Wanyarwanda waliokuwamo nchini kwa sheria ya 1972, ikawavua wengi kwa sheria ya 1981. Sheria ya 2004 iliwarudishia wale ambao makabila yao yalikuwamo nchini wakati wa uhuru mwaka 1960, lakini mitaani Mtutsi wa Kivu bado huitwa mgeni. M23 wanaitumia hofu ya kubaguliwa hivyo kuhalalisha bunduki. Kwamba wanaitumia vibaya hakuifanyi kuwa ya uongo.

Makubaliano ya Washington ya Juni 2025 kati ya Kongo na Rwanda yamejengwa juu ya kuidhibiti FDLR, kuondoa majeshi na ushirikiano wa kiuchumi: uhalisia na uliberali kwa pamoja. Marais wa nchi hizo mbili walikutana huko tarehe 4 Desemba mwaka huo kuyathibitisha. Siku chache baadaye M23 waliingia mji wa Uvira. Suala la uraia limepewa nafasi Doha, kwenye mazungumzo ya Kinshasa na waasi wenyewe. Napendekeza semina hii iipe Doha uzito kuliko Washington.