Wadudu wa Alizeti Bustanini
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Tunduru)



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya alizeti na wadudu wake. Hapana shaka wako miongoni mwenu wanaojiuliza, karani ajua nini juu ya kilimo, naye kutwa yu mezani pamoja na majalada? Ni kweli. Lakini wengi wetu tuna kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, na mshahara wajulikana jinsi ulivyo. Madebe machache ya alizeti yakikamuliwa hupunguza safari za kwenda dukani kununua mafuta. Basi twasema kama watu waliopata hasara, wala si kama bwana shamba.

Hasara yenyewe ilikuwa hivi. Alizeti yetu ya mbegu ya Record ilistawi sana, na mwezi wa Aprili ikaanza kufungua maua. Tukaona viwavi juu ya vichwa vyake. Stoo palikuwa na chupa ya dawa iliyosalia tangu msimu wa kupuliza mikorosho, karatasi yake imekwisha banduka. Hatukuuliza mtu. Saa tatu ya asubuhi, jua limekwisha panda, tukajaza bomba, tukapuliza kila ua hata likachuruzika. Tulijiona mabingwa. Jioni ile ile jirani yetu mmoja, mzee mwenye mizinga, akapiga hodi, akatufunulia kiganja chake. Kilijaa nyuki waliokufa. Akasema, "Wanangu, hawa ni wa mizinga yangu. Wamewakosea nini?"

Hatukuwa na jibu. Nasi tulipovuna, vichwa vilikuwa vikubwa kama sinia, lakini katikati mlikuwa na mapepe matupu. Mahali tulipozoea kupata madebe manne tulipata moja na nusu. Tena viwavi wakubwa tuliwakuta wazima, wamenenepa.

Tukaanza kutafuta sababu, ingawa ilikuwa yapasa tuitafute kabla. Kile tukiitacho ua la alizeti si ua moja, bali ni mamia ya maua madogo yaliyokaa pamoja, na kila moja hufanya punje moja. Hufunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati kwa muda wa siku kadhaa. Nyuki ndiye achukuaye chavua, yaani ule unga wa manjano, kutoka ua hadi ua. Maua ya ukingoni yalikwisha pata nyuki kabla ya bomba letu. Ya katikati yalifunguka wakati wachukuzi wamekwisha kufa. Isitoshe, kichwa kilichokomaa huelekea mashariki, hupata joto la asubuhi, na nyuki hukijia mapema. Nasi tulipuliza saa yao hasa ya kazi. Viwavi wakubwa nao walikuwa wamekwisha jichimbia ndani ya kichwa, mahali ambapo dawa haikufika.

Yafaa tuseme neno juu ya dawa za mikorosho, maana hapa kwetu zimo karibu katika kila nyumba. Salfa ni dawa ya ubwiriunga, nao ni ugonjwa wa ukungu. Haimwui kiwavi hata ukiimwaga gunia zima. Ile ya majimaji ipulizwayo kwa mbu wa mikorosho huua wadudu, lakini haichagui, na kipimo chake kimewekwa kwa mti, si kwa chakula cha bustanini. Dunia nzima imepita njia hii. DDT ilipoenea baada ya vita ya 1939 hata 1945 ilisifiwa mno, hata Paul Müller wa Uswisi, aliyegundua nguvu yake juu ya wadudu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Mwaka 1972 Marekani ikaikataza mashambani.

Sasa adui mwenyewe. Ni yule yule kiwavi wa vitumba vya pamba, alaye pia mahindi, nyanya na mbaazi. Mama yake ni nondo wa rangi ya udongo arukaye usiku, na mmoja aweza kutaga mayai hata 1,000, moja moja, huku na huku. Yai huanguliwa kwa siku tatu hadi tano. Kiwavi aweza kuwa wa kijani, wa hudhurungi, au mwekundu kidogo, mwenye mstari mweupe ubavuni. Kwa hiyo msimtambue kwa rangi, mtambueni kwa mavi yake meusi juu ya ua. Wawili wakikutana huweza kulana, nasi hatuwagombezi. Akishiba hushuka, hujizika udongoni inchi chache, kisha hutoka nondo mwingine. Basi mwenye mbaazi kando ya alizeti, kama wengi wetu, amemwandalia mgeni huyu meza mbili: alizeti ikiisha, mbaazi zachanua.

Dawa yake ya kwanza ni macho. Tangu kitumba kinapotokea hata maua yanyauke, tembeeni bustanini mara mbili kila juma, kabla ya kwenda ofisini, mkiwa na kopo la maji ya sabuni. Watoleeni humo wangali wadogo. Vichwa mia mbili havimalizi nusu saa, na watoto huipenda kazi hii kuliko kuteka maji. Wakizidi mkono, twangeni kokwa za mwarobaini, gramu 50 kwa kila lita ya maji, zilale usiku kucha, mchuje, mpulize jioni nyuki wakiisha kurudi, kwa kuwa jua huiharibu nguvu yake. Mkiisha vuna, ng'oeni mabua na kupindua udongo. Kuku watafanya yaliyobaki.

Sota akatae miche usiku hupatikana asubuhi kwa kufukua chini ya mche ulioanguka. Amejikunja hapo hapo. Vidukari chini ya majani waosheni kwa maji ya sabuni, lakini mkimwona mdudu mdogo wa mviringo, mgongo mwekundu wenye madoa meusi, mwacheni, maana huwala.

Msimu uliofuata bomba letu halikutoka stoo. Tulipata madebe matatu na kitu. Moja tulimpelekea yule mzee mwenye mizinga. Alilitazama, akauliza kwanza kama tulipuliza, ndipo akalipokea.