Mfongo wa Mwandishi



Vijana wanaotaka kuandika huniuliza: mawazo yanatoka wapi? Jibu nililipata kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani kwetu, nikiwa mtoto. Maji ya Kilimanjaro hayajileti kwenye migomba. Wazee walichimba mifongo, yaani mifereji, wakayatoa mitoni huko juu, wakayateremsha kihamba hadi kihamba. Na mfongo ukishachimbwa hauachwi. Matope na majani huuziba, watu wakatoka na majembe kuuzibua. Wazo nalo lipo huko juu. Kulifungulia njia ni kazi yako, leo na kesho.

Wahitimu wa kidato cha sita, wapo waliochimba kabla yenu. Mwanzoni mwa karne ya 20, Nathaniel Mtui wa Marangu, Kilimanjaro, aliandika katika madaftari historia ya umangi, yaani utawala wa machifu wa Kichagga, habari ambazo zingezikwa pamoja na wazee. Mwandishi Kathleen Stahl alipotoa historia yake ya Wachagga mwaka 1964, alichota humo. Mwaka 1947 Petro Itosi Marealle alitoa *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera*, kwa Kiswahili, na hata asiyejua Kichagga akakaribishwa ndani. Mwandishi Elieshi Lema, mzaliwa wa Nronga, Kilimanjaro, alianzisha na mwenzake Demere Kitunga kampuni ya uchapishaji ya E & D; riwaya ya Lema, *Parched Earth*, ikatoka hapo mwaka 2001. Wengine hubisha hodi kwa wachapishaji mpaka wachoke. Hao wawili walijenga nyumba yenye mlango wao.

Wahitimu, mtaogopa. Mtaambiwa uandishi haulipi, na ukurasa wenu wa kwanza utawatia aibu. Andikeni na hofu hiyo hiyo. Maji ya kwanza ya mfongo huwa na tope, lakini yanapita.

Wazazi, mtoto akiwauliza habari za ukoo, msimwambie asubiri akue. Amekua.

Sasa nawapa kazi. Mnaposubiri matokeo ya mtihani, nunueni daftari moja. Nendeni kwa bibi au babu, muulizeni: mfongo unaopita jirani na kihamba chetu ulichimbwa na nani, na unaitwaje? Andikeni jibu usiku huo huo, kabla ya kulala. Siku ya pili rudini na swali lingine.