Kodi ya Mapato na Wenzetu Wenye Ulemavu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu la reli)



Sisi wa reli twajua kwamba kazi hii hula viungo. Katika magenge ya njia na karakana wamo wenzetu waliopoteza macho, mikono na hata miguu, na kila mwisho wa mwezi hukatwa kodi sawasawa na sisi wengine. Baadhi yao hawakupaswa kukatwa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliruhusu mwenye ulemavu apataye mshahara kuomba asamehewe kodi ya mapato. Amri ya 2010 ikataja kiasi: shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Ni nani katika chumba hiki apataye zaidi ya hizo? Basi mwenzetu wa shilingi 40,000 akipata cheti, kodi hiyo haimgusi hata senti. Lakini cheti hakiji chenyewe. Kwanza apimwe na madaktari wa hospitali ya Serikali, kisha ajiandikishe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, halafu apeleke maombi KRA. Tena cheti kina mwisho wake. Kikipita, makato hurudi kimya kimya.

Hapo katikati ndipo wengi hukwama, maana hutakiwa barua ya mwajiri. Mwenzetu mmoja alituambia wazi: "Nikiomba barua ya kusema siwezi kama zamani, si nimejifukuza kazi mwenyewe?" Hofu hii si ya kuchekwa. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 yakataza mtu kubaguliwa kazini kwa sababu ya ulemavu. Atakayetishwa kwa ajili ya barua hiyo amwambie mwakilishi wa chama siku ile ile, asingoje.

Sasa tuseme habari za walezi. Wako kati yetu wenye mtoto asiyeweza kukaa wala kujilisha. Mama hawezi kwenda kibarua wala sokoni, na mshahara ni mmoja. Amri ya 2010 ilitazama mapato ya mwenye ulemavu mwenyewe. Mtoto hana mapato, basi baba akalipa kodi yote. Zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii nazo ni za nyumba maskini kabisa, na mwenye karatasi ya mshahara si rahisi kuzipata. Huko Ireland mzazi wa mtoto wa namna hiyo hupunguziwa kodi yake yeye. Kwa hiyo jambo hili lawezekana.

Sheria mpya ilitiwa sahihi mwaka 2025. Tumeomba makao makuu waisome kwa ajili ya walezi na kutuletea jibu kwa maandishi.

Jumamosi karani wa tawi atakuwa ofisini tangu saa tatu asubuhi. Mje na kitambulisho, namba ya PIN na karatasi za mshahara. Wenye watoto wagonjwa waje pia, tuandike hesabu zao.