Somo la Lampuuk

Katika ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia, umo mji wa Banda Aceh, makao makuu ya Jimbo la Aceh. Mtu akitoka mjini humo na kuifuata barabara ya pwani ya magharibi kwa kiasi cha kilometa 15, hufika Lampuuk, mahali penye vilima mgongoni na Bahari ya Hindi usoni. Kwa desturi ya Waaceh, Lampuuk ni mukim, yaani jamii ya vijiji vichache ambavyo watu wake husali Ijumaa katika msikiti mmoja. Kila kijiji huitwa gampong, na mkuu wake huitwa keuchik. Wenyeji wameishi tangu zamani kwa kilimo cha mpunga na uvuvi.

Ili kuyaelewa yaliyowafika watu hao, yafaa kwanza kuijua nyumba yao na baraza yao. Kila gampong ina jengo la umma liitwalo meunasah, jina lililotokana na neno lile lile la Kiarabu lililowapa Waswahili madrasa. Humo watoto hufundishwa kusoma Kurani, wageni hupokewa, na wazee hukaa kuamua mambo ya kijiji kwa mashauriano. Ama nyumba ya kukaa, hiyo kwa mila ya Waaceh wa sehemu hizo ni mali ya mwanamke. Binti akiolewa, wazazi humpa nyumba, na mume ndiye ahamiaye kwa mkewe. Ndiyo maana katika lugha yao mke huitwa kwa maneno yenye maana ya mwenye nyumba. Wavuvi nao wana mkuu wao, Panglima Laot, ambaye huamua magomvi ya baharini na kusimamia miiko ya uvuvi. Mila hiyo inahesabiwa tangu enzi za masultani wa Aceh.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004, karibu saa mbili, ardhi ilitetemeka kwa nguvu ya kipimo cha 9.1. Bahari ikarudi nyuma na kuacha samaki wakirukaruka mchangani, na katika sehemu nyingi za pwani ya Aceh watu waliteremka kwenda kuwaokota. Kisha maji yakarejea. Katika pwani hiyo ya Lampuuk na Lhoknga mawimbi yalipanda zaidi ya mita 20. Nyumba, miti na mashamba vilifagiliwa, na wakazi walio wengi wa Lampuuk walikufa. Jengo kubwa lililobaki limesimama lilikuwa msikiti wao, uitwao Rahmatullah, ukiwa peke yake katika uwanja mweupe wa mchanga na vifusi. Picha yake ilizunguka dunia nzima. Katika Indonesia peke yake watu zaidi ya 160,000 walikufa au kupotea. Mawimbi hayo hayo yaliivuka bahari kwa saa kadhaa, yakaua watu karibu 300 katika pwani ya Somalia, na hata Kenya na Tanzania hazikukosa wa kuzikwa.

Watu wengi wameuzungumza msikiti ule. Waumini waliona humo rehema ya Mwenyezi Mungu, na wahandisi waliona nguzo imara na nafasi wazi zilizoyaacha maji yapite. Lakini swali kubwa zaidi ni hili: msikiti ukibaki na watu wakaondoka, je, kijiji kimebaki?

Swali hilo halikuwa la kubuni. Baada ya maafa, serikali ilifikiria kuweka ukanda wa kilometa mbili kutoka baharini ambamo watu wasingeruhusiwa kujenga tena. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa nani asiyetaka kumwepusha mwenzake na kifo? Lakini manusura wa vijiji vya pwani walikataa. Mvuvi aliye mbali na bahari ni mkulima asiye na shamba. Tena ardhi ile ilikuwa na makaburi ya wazee wao na mipaka waliyoijua wao peke yao. Wakarudi, wakasimamisha mahema na vibanda juu ya misingi ya nyumba zilizokwisha kuondoka, na hatimaye wazo la ukanda likaachwa.

Hapo ikazuka kazi ngumu kuliko kujenga. Kumbukumbu za ofisi ya ardhi zilikuwa zimefunikwa na tope, na wakazi wengi wa vijijini hawakuwa na hati tangu mwanzo. Alama za mipaka hazikuwapo tena. Kwa hiyo katika vijiji vingi vya Aceh manusura walikusanyika, wakapita shambani, wakaonyeshana mipaka na kukubaliana mbele ya majirani, na makubaliano hayo ndiyo yaliyokuwa msingi wa hati mpya. Hapana mtaalamu wa kutoka ng'ambo ambaye angeweza kuifanya kazi hiyo. Penye wazee, wasema Waswahili, haliharibiki neno; na pale ambapo wazee wengi walikuwa wamekufa, wachache waliosalia walibeba elimu ya kijiji kizima.

Misaada ilikuja kwa wingi. Hilali Nyekundu ya Uturuki ilijenga Lampuuk mamia ya nyumba, na alama ya mwezi na nyota ingali ikiitambulisha sehemu hiyo. Kati ya Aceh na Uturuki kuna udugu wa kale, kwa kuwa katika karne ya 16 masultani wa Aceh walituma wajumbe Istanbul kuomba msaada dhidi ya Wareno. Mapatano ya amani yaliyotiwa saini Helsinki tarehe 15 Agosti 2005, kati ya serikali na wapiganaji wa Aceh waliokuwa wamepigana tangu 1976, nayo yalifungua njia, maana matofali hayapangiki kwenye mlio wa bunduki.

Hata hivyo, msaada una mwiba wake. Mashirika yaliwalipa watu fedha kila siku ili wasafishe vijiji vyao wenyewe. Fedha hizo ziliwafaa sana watu waliokuwa hawana kitu. Lakini katika Aceh kulisikika malalamiko kwamba kazi ya pamoja, ambayo Waindonesia huiita gotong royong na Waswahili wangeiita ujima, ilianza kusubiri malipo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni hukaa siku chache kisha huenda zake, na mwenyeji hubaki na jembe lake.

Ndugu wasikilizaji, lipo jambo moja zaidi. Katika kisiwa cha Simeulue, kilicho karibu kabisa na chanzo cha tetemeko lile, mawimbi yalifika kwa dakika chache tu. Kisiwa hicho kilikuwa na watu wapatao 78,000, na waliokufa walikuwa 7. Hawakuwa na king'ora wala mtambo. Walikuwa na neno moja, smong, lililobaki tangu mawimbi ya mwaka 1907, ambalo bibi waliwaimbia na kuwasimulia wajukuu: ardhi ikitikisika na bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani. Watu wa Lampuuk nao walikuwa na vilima karibu, lakini hawakuwa na neno hilo.

Baadaye ving'ora vilisimikwa. Tarehe 11 Aprili 2012 tetemeko lingine, la kipimo cha 8.6, liliitikisa Aceh. Baadhi ya ving'ora havikulia kwa wakati, na katika Banda Aceh watu walikimbilia magari na pikipiki hata barabara zikaziba. Safari ile hayakuja mawimbi makubwa. Laiti yangalikuja, foleni ile ingaliua.

Leo mivinje imeota tena katika ufuko wa Lampuuk, mayai ya kasa hulindwa, na watu wa mjini huja kula samaki wa kuchoma siku za mapumziko. Msikiti umetengenezwa, ila sehemu yake moja imeachwa na majeraha yake ili watoto waulize. Kila tarehe 26 Desemba wavuvi wa Aceh hawaendi baharini. Hayo yote ni mema, maana anayeuliza na anayepumzika kwa ukumbusho hujifunza. Lakini mtoto akiuliza lazima awepo wa kumjibu, na jibu likae kichwani mwake hadi atakapokuwa na wajukuu. Zege limejengwa kwa fedha za wageni. Jibu hilo litajengwa na wenyeji wenyewe, na hakuna wa kuwajengea.