Ufundi wa Shuleni Uhesabiwe Chuoni

Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Bwana Katibu alinitaka niseme juu ya elimu, nami najua ya kuwa neno hilo limesemwa katika kila mkutano wetu hata baadhi yenu mmekwisha kulichoka. Basi sitasema juu ya elimu yote. Nitasema juu ya jambo moja linalokula fedha za Mfuko wetu wa Karo bila sisi kuliona.

Yuko kijana mmoja wa upande wa Konoin, ambaye jina lake silitaji. Alisoma ufundi wa vyuma miaka minne katika shule ya sekondari. Alijua kutumia tupa, kupima kwa mikromita, kusoma mchoro wa mashine, na kukereza chuma mpaka kikaingia ndani ya beringi pasipo kulazimishwa. Alipofaulu akaingia chuo cha ufundi. Siku ya kwanza alipewa kipande cha chuma na tupa, akaambiwa akisawazishe. Na muhula mzima ukaisha kwa kazi aliyoijua tangu akiwa na miaka kumi na sita. Baba yake aliuza ng'ombe wa kwanza kulipia somo lile shuleni, akauza wa pili kulipia somo lile lile chuoni. Na Chama hiki, Wazee, kilichangia mara zote mbili.

Simlaumu mwalimu wa chuo. Alifuata kitabu chake, na kitabu hakikumpa nafasi ya kumwuliza kijana anajua nini.

Mafunzo ya ufundi kwa vijana si jambo geni katika nchi hii. Chuo cha ufundi cha Kabete kilifunguliwa mwaka 1924, na hapa petu Shule ya Serikali ya Kabianga ilianza mwaka 1925. Baadaye zilikuwako shule za sekondari za ufundi, kama ile ya Kaiboi kule Nandi na ile ya Sigalagala kule Kakamega, ambamo mvulana alisoma hesabu na Kiingereza asubuhi na kushika nyundo baada ya hapo. Katika miaka ya 1980 shule hizo ziligeuzwa kuwa vyuo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, wazazi waliambiwa wajenge warsha kwa harambee, nao wakajenga. Wengi wenu mlibeba mawe yale. Mnajua vilevile ni warsha ngapi zilikuja kugeuzwa ghala za mahindi, baada ya masomo yale kupunguzwa katika miaka ya 1990.

Sasa mlango umefunguka tena. Mwezi wa Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 katika sekondari pevu. Mtoto huchagua njia moja kati ya tatu, na ndani ya njia ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati limo tawi la ufundi: vyuma, umeme, ujenzi, mbao, mitambo ya injini, na mengineyo. Hiyo ni miaka mitatu mizima. Swali langu ni hili: miaka hiyo mitatu itahesabiwa chuoni, au mtoto ataanza tena kusawazisha chuma?

Sheria haituzuii. Tangu mwaka 2014 tunayo sheria ya mfumo wa taifa wa vyeti na sifa za masomo, na mamlaka yake ifahamikayo kwa herufi KNQA. Katika mfumo huo masomo hupimwa kwa krediti, na krediti moja ni saa kumi za kujifunza. Mitaala mipya ya vyuo vya ufundi imegawanywa kwa moduli, kila moja ikiwa na krediti zake. Mwaka 2024 Serikali ilizindua sera ya kuutambua ujuzi wa mtu ambaye hakuupata darasani, mathalani fundi wa barabarani, ili apimwe na kupewa cheti. Ikiwa ujuzi wa fundi wa barabarani waweza kupimwa na kutambuliwa, itakuwaje ule uliofundishwa shuleni mbele ya mwalimu usipimwe? Huko Marekani wanafunzi wengi wa sekondari husoma masomo ya chuo kabla ya kumaliza shule, wakaingia chuoni na krediti zao mkononi.

Naona mzee mmoja anatikisa kichwa, nami namfahamu. Atasema: mwanangu naye asomee udaktari au uwakili, ufundi ni wa walioshindwa. Mzee wangu, twende pamoja kiwandani siku moja, Litein au Kapkoros, tutazame. Majani mabichi yakitoka kituoni hutandazwa kwenye vitanda vya kunyaushia, na mapangaboi makubwa huyapulizia hewa. Kisha hupita katika roli zenye meno ya chuma zinazoyakata na kuyasaga. Meno hayo huwa butu, nayo hayana budi kukatwa upya kwa mashine, kwa kipimo chembamba kuliko unywele. Hatimaye chai hukaushwa kwa joto la boila mpaka maji yaliyosalia ni kama sehemu tatu tu katika mia. Fundi akikosea kipimo cha roli, chai hutoka mbaya, na bei yake mnadani Mombasa hushuka. Bonasi unayoingojea, mzee wangu, imo mikononi mwa fundi huyo kama ilivyo mikononi mwa mchumaji.

Na mchumaji mwenyewe je? Mwezi wa Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto mashambani Kericho, kwa sababu watu waliona zinawanyang'anya riziki. Siwacheki waliokasirika, mama zetu wamelea nyumba nzima kwa kikapu kile mgongoni. Lakini mashine zinahitaji mtu wa kuzitengeneza, na ningependa mtu huyo awe binti wa mchumaji kuliko mgeni aliyeletwa kwa gari. Nasema binti kwa makusudi, maana katika fomu za msaada wetu sijaona msichana hata mmoja aliyeombewa ufundi wa vyuma.

Naomba basi mkutano huu ukubali mambo machache. Tuchague watu watatu waende kwa halmashauri za shule zetu na kwa wakuu wa vyuo vya Kericho na Bomet, kuomba mkataba wa maandishi: kwamba mtoto atakayefaulu moduli za mwanzo akiwa sekondari hatazirudia chuoni. Shule isiyo na mashine iwapeleke watoto chuoni siku za Jumamosi, maana kununua mashine ya kukerezea kwa kila shule ni ndoto. Mtihani usimamiwe na mtu wa nje, wala si mwalimu wa mtoto. Krediti ya kupeana kwa huruma itakataliwa mlangoni, na hapo tutakuwa tumemdanganya mtoto. Tena kila mtoto awe na daftari la kazi, lenye tarehe na sahihi. Na Mfuko wa Karo ulipe ada ya mtihani huo, kwa kuwa ni ndogo kuliko karo ya muhula mmoja.

Haya yote hayatamfaa kijana yule wa Konoin, kwani yeye amekwisha kulipa. Ila anaye mdogo wake aliye Gredi ya 10 sasa hivi. Nakala za barua ninayopendekeza ziko kwa Bwana Katibu, pale mezani karibu na mlango, na yeyote atakaye kubadili neno ndani yake ayaseme leo, kabla kura haijapigwa.